Moyo Ulipona, Mwenyewe Bado

Cherehani cha Shakila kilinyamaza wiki nyingi, na si kwa kukosa kazi. Vitambaa vya watu vilikuwa vimerundikana kwenye meza ya sebuleni: vitenge vya kitchen party, sare za kwaya, shela la bibi harusi wa mtaa wa pili. Kilinyamaza kwa sababu mama yake aliomba.

"Acha kwanza, mwanangu," Chausiku alimwambia siku aliyofikishwa Mwembesongo, nyumbani kwa mwanawe, akitokea hospitali. "Acha nisikie."

"Usikie nini, mama?"

"Moyo."

Shakila akauondoa mguu wake kwenye pedeli. Nyumba ikatulia, na kweli, hata yeye aliyekaa upande wa pili wa chumba alisikia. Ti, ti, ti. Mlio mdogo mkavu, kama saa iliyofungiwa kabatini.

Chausiku alikuwa mkulima wa Mgeta, kule juu ambako karoti na kabichi hulimwa kwenye matuta yaliyopanda mlima kama ngazi. Tangu usichana alikuwa mtu wa kuhema. Wengine walisema pumu, wengine walisema kuna mtu kamfanyia. Aliolewa na Dadi, akazaa, akalima, akabeba matenga kichwani kushuka hadi kwenye gari, na kila mwaka mlima ukawa mrefu zaidi ya mwaka uliopita. Miguu ilipoanza kuvimba akashindwa hata kuvaa kandambili, Shakila akamshusha kwa nguvu hadi mjini. Madaktari wakaona kuwa mlango mmoja wa moyo wake, ule wanaouita valvu, umeharibika siku nyingi, pengine tangu utotoni. Akapelekwa Dar es Salaam. Huko wakampasua kifua, wakautoa mlango uliochakaa, wakaweka wa chuma.

Kazi yao waliifanya vizuri. Miguu ilinywea. Midomo iliyokuwa na rangi ya zambarau ikarudi kuwa midomo ya mtu. Kabla ya upasuaji daktari alimweleza kuwa mlango mpya una mlio kidogo, na akamwahidi kuwa atauzoea kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga.

Hakuuzoea. Aliulinda. Alikaa kwenye kochi ameegemea ukuta, amekumbatia mto mdogo aliopewa wodini wa kubania kifua wakati wa kukohoa. Wagonjwa wenzake waliiacha mito yao kifua kilipoanza kuunga. Yeye aliingia na wake hadi bafuni. Hakuinama kuokota kitu. Hakulala chali wala ubavu. Alisinzia akiwa ameketi. Hakucheka, kwa kuwa aliamini kucheka kutafumua nyaya zilizofunga mfupa. Mtu akisema jambo la kuchekesha alikunja uso na kuinua kiganja, kama anayezuia gari.

Zaidi ya yote, alisikiliza. Redio ilizimwa. Wajukuu wa jirani walifukuzwa barazani. Na cherehani kikafunikwa kanga.

Siku ya kliniki Daktari Abdulmajid alimpima, akautazama moyo kwenye kioo cha mashine, akatabasamu. "Mama, moyo wako sasa hivi unafanya kazi vizuri kuliko wa watu wengi waliopanga foleni hapo nje. Umeanza kutembea?"

"Taratibu," Chausiku alijibu.

"Hatembei, daktari," Shakila alisema. "Anatoka kitandani, anakuja kwenye kochi. Hata kucheka hacheki."

Chausiku alimkata jicho. Daktari Abdulmajid akaliweka faili pembeni, akavuta kiti karibu.

"Hili hutokea sana," alisema. "Mtu akipasuliwa moyo, moyo unapona, hofu inabaki palepale ilipokuwa. Kuna wenzetu Dar wanaozungumza na wagonjwa kwa simu, mnaonana sura kabisa. Ni wanasaikolojia. Kila wiki mara moja. Nikuandikishe?"

"Wa saikolojia ndio wale wa vichaa?"

"Si wa vichaa, mama."

"Nimeletwa hapa kwa moyo. Kichwa changu hakijapasuliwa."

"Ungevunjika mguu," daktari alisema bila kukasirika, "tukakufunga hogo la plasta, siku ya kulitoa usingesimama ukakimbia. Angekuja mtu kukufundisha kutembea upya. Wewe mguu wako ni mzima, kifua ni kizima, ila hujafundishwa kutembea upya. Ndiyo kazi yao."

Chausiku akasema atafikiri, maana yake hapana.

Kilichombadilisha hakikuwa maneno ya daktari. Siku iliyofuata alikuja mama wa yule bibi harusi. Alisalimia vizuri, akampa mgonjwa pole, kisha akaomba kitambaa chake. Alisema hana ubaya na Shakila, ila harusi haisubiri. Shakila akakitoa chini ya rundo, akakikunja polepole, akakitia kwenye mfuko na kumkabidhi kwa mikono miwili. Mgeni alipotoka, Shakila aliingia jikoni akafungulia bomba la maji kwa nguvu. Chausiku alilijua bomba hilo. Mtoto wake tangu mdogo alikuwa akilia karibu na maji ili asisikike.

"Shakila," aliita. "Mpigie daktari wako. Mwambie huyo mtu wa Dar naongea naye. Mara moja tu."

Ikawa Jumanne, baada ya swala ya alasiri. Shakila aliisimamisha simu mezani, akaiegemeza kwenye kopo la vifungo, akarudi chumbani. Kwenye kioo akatokea binti mwenye nywele za kusuka, sura ya mtu aliyemaliza shule juzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naitwa Jesca. Unaniona vizuri?"

"Nakuona. Ila umekaa gizani kama mwizi."

Binti akacheka, akainuka kuwasha taa, akarudi. "Hapo je? Haya mama, niambie, siku zako zikoje?"

"Namshukuru Mungu."

"Alhamdulillahi. Na ukishamshukuru Mungu, unafanya nini?"

Chausiku hakulitarajia swali hilo. Watu wote waliokuja kumjulia hali waliridhika na jibu la kwanza, wakahamia kwenye habari zao. Alitazama dirishani, akaitazama tena ile simu.

"Nasikiliza," alisema hatimaye. "Huu mlio. Usiponyamaza, basi nipo."

"Ukiacha kuusikiliza?"

"Utanyamaza."

"Umewahi kuuacha?"

"Nikipitiwa na usingizi."

"Ukiamka unaukuta?"

Chausiku aliutazama mto wake. "Naukuta."

"Kwa hiyo huo moyo usiku unapiga kazi bila mlinzi."

Hakucheka, lakini alijiweka sawa kwenye kochi na kuitazama simu kama mtu anayeanza kumsikiliza mgeni. Jesca akamweleza mambo kwa Kiswahili chepesi. Akamtajia dalili za kumkimbilia daktari bila kungoja: kuzimia, damu isiyokatika, pumzi kukata hali umekaa, homa, ulimi kuwa mzito ghafla. Nyingine zote, moyo kwenda mbio ukitembea, jasho la hofu, kifua kubana ukiwaza kifo, hizo zinapanda kisha zinashuka zenyewe, kama maziwa yaliyofura yanavyoshuka ukiyaepua jikoni. Akamwonyesha jinsi ya kutoa pumzi, taratibu, kama unapuliza uji wa moto.

"Sasa nina ombi," Jesca alisema mwishoni. "Naona nyuma yako kuna cherehani kimefunikwa. Kabla hatujaonana tena, mwambie dada ashone mshono mmoja, na wewe uwe umekaa hapohapo."

"Kile kinapiga kelele. Sitasikia."

"Ndiyo, mama. Hutasikia."

"Kumbe umetumwa uniue!" Chausiku alisema, akanyoosha kidole akabonyeza kile kitufe chekundu.

Wiki nzima cherehani kilibaki chini ya kanga. Jumanne nyingine simu ilipoita aliipokea mwenyewe, akaishika mbali na uso.

"Haloo? Haloo? Sikusikii, mwanangu. Mtandao mbaya leo."

"Mimi nakusikia vizuri, mama. Shikamoo."

"Sikuoni pia. Giza tupu."

"Umeziba kamera kwa kidole gumba, mama. Naona wekundu wa kidole."

Kidole kikatoka. Uso wa Chausiku ukatokea, umekunjamana kwa aibu na ghadhabu pamoja.

"Umenikasirikia?" Jesca aliuliza.

"Sana."

"Nina haki ya kukasirikiwa. Niambie kosa langu."

"Wewe ni mzima. Hujawahi kukaa ukasikia uhai wako unagonga kama mtu aliye nje anayetaka kuondoka. Unaniambia tu nipige kelele nisiusikie. Hujui kitu."

"Sijui," Jesca alisema. "Kweli sijui. Nifundishe."

Pengine lilikuwa lile neno. Hakuna aliyewahi kumwambia Chausiku amfundishe kitu tangu alipougua. Wote walimfundisha yeye. Aliushusha mto ukakaa mapajani, akaanza kusimulia habari za mama yake.

Mama yake naye alikuwa mtu wa kuhema. Alilima vilevile, akipumzika kila kona. Kuna siku ambazo hakutoka ndani, na siku hizo watu walimchemshia majani, wakamkanda, wakamsomea, naye akapata nafuu. Siku mbaya hazikumuua. Kisha ikaja asubuhi moja aliyoamka akisema anajisikia mwepesi kama msichana. Aliimba akikata kabichi. Alijitwisha tenga lake mwenyewe, akatangulia kushuka, Chausiku akimfuata nyuma. Kwenye kona iliyo juu ya kijito alilitua tenga, akakaa kwenye ukingo wa njia kama mtu anayefunga kiatu, akaegemea udongo. Hakuinuka tena.

"Watu walisema, jamani, si alikuwa mzima! Asubuhi alikuwa akiimba!" Chausiku alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Ndiyo maana, mwanangu. Siku ninayoumwa sina wasiwasi sana. Siku ninayojisikia nafuu ndiyo ninayokaa macho. Na tangu wanipasue, kila siku najisikia nafuu."

Jesca akaweka kalamu chini. Gari lilipita huko Dar alikokuwa, honi yake ikasikika hadi Mwembesongo.

"Pole sana, mama," alisema. "Umebeba mzigo mzito muda mrefu. Naomba nikuulize. Moyo wa mama yako uliwahi kupimwa?"

"Upimwe na nani? Wakati huo hata gari halifiki kwetu."

"Basi siku ile alipojisikia mwepesi, hakuna aliyejua ndani kukoje. Si yeye, si nyie. Wako umefunguliwa, watu wameutazama kwa macho yao, wameukuta mlango mbovu, wameubadilisha. Nafuu yake ilikuwa ya kubahatisha. Nafuu yako imepimwa. Siku zake na siku zako si zilezile, mama, hata kama mlikuwa na ugonjwa mmoja."

Chausiku aliyageuza maneno hayo kimoyomoyo, kama mtu anayegeuza nyanya sokoni kutafuta iliyooza. Hakuiona.

"Nitakupigia," alisema, akakata simu. Lakini safari hii aliaga.

Siku iliyofuata, baada ya chai, alimwita mwanawe. "Kifunue."

Shakila aliinua kanga kwa woga, akachagua kitambaa chepesi, sare ya kwaya. "Nikanyage?"

"Kanyaga."

Cherehani kikalia. Mlio wake ukajaa chumba chote, ukameza ule mwingine. Chausiku akaubana mto kifuani kwa mikono yote miwili. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Moyo ukaanza kwenda mbio. Aliuhisi ingawa hakuusikia, na kichwa kikamwambia ndiyo, sasa, ndiyo hii. Akapuliza uji wa moto. Akapuliza tena. Shakila alifika mwisho wa mshono, akaondoa mguu, akageuka haraka.

Ti, ti, ti.

"Upo?" Shakila alinong'ona.

"Upo."

"Nishone mwingine?"

Chausiku alilowa machozi na hakujua yameanza saa ngapi. "Shona, mwanangu. Shona nguo za watu."

Hadi adhuhuri mkono mmoja wa sare ulikuwa umeshapachikwa. Siku ile ndiyo Chausiku alipoanza kusinzia kwenye kochi hali cherehani kinalia, na Shakila alipomwona kichwa kimeinama alishtuka, akamsogelea, akasikia anakoroma. Akarudi kwenye pedeli kwa furaha hata akaivunja sindano.

Jumanne zikafuatana. Jesca akamtoa kochini hadi barazani, barazani hadi genge la kona, gengeni hadi sokoni. Haikuwa safari iliyonyooka. Siku moja moyo ulimwenda mbio mbele ya muuza ndizi, akakaa kwenye kreti la soda akiamini amefika mwisho wake. Muuza ndizi akampepea kwa kipande cha boksi hadi ulipotulia. Alirudi nyumbani akiapa hatoki tena. Jumanne Jesca akamuuliza swali moja: "Ulipotulia, nani aliutuliza?" Chausiku akafikiri, akasema, "Muuza ndizi hakujua hata ninaumwa nini." Kesho yake akaenda kununua ndizi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, na lilihusu mumewe.

Dadi alikuwa amebaki Mgeta na mashamba. Alishuka mjini kila gari la mboga lilipopata nafasi, akileta viazi na maharage machanga. Alimsalimia mkewe akiwa mlangoni. Alikaa kiti cha mbali. Usiku alilala sebuleni kwenye mkeka, akisema chumbani kuna joto, na asubuhi alishaondoka. Mkono wake ulikuwa haujamgusa Chausiku tangu hospitali. Chausiku alijitazama kwenye kioo, akaona lile kovu lililoanzia chini ya koo likashuka katikati ya kifua, akapata jibu lake.

"Ameshapata mwingine," alimwambia Jesca. "Simlaumu. Nani anataka mwanamke mwenye zipu?"

"Umemuuliza?"

"Mwanaume anaulizwa?"

"Akishuka tena, mwite akae na wewe hapo. Nitamuuliza mimi."

Dadi alikuja akiwa amenyoa, amevaa kofia ya Ijumaa na shati lililopigwa pasi, akaketi mbele ya simu wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Jesca akamwamkia, mzee akaitikia. Akamuuliza habari za mvua, akaeleza vizuri sana. Akamuuliza habari za viazi, akaeleza hata zaidi. Kisha Jesca akasema, "Mzee, tangu mama apasuliwe, wewe unaendeleaje?"

"Mimi si mgonjwa."

"Najua, mzee. Nauliza wewe unaendeleaje."

Dadi aliivua kofia. Akaigeuzageuza. Chausiku alimtazama kwa pembe ya jicho, amejiandaa kusikia jina la mwanamke.

"Mimi nikiwa kijana nilikuwa napasua mbao," Dadi alianza. "Msumeno naujua. Pale hospitali walinieleza kuwa kidari wamekikata kwa msumeno, halafu wamekifunga kwa waya. Nikasema, haya. Lakini mimi najua ubao uliokatwa ukaungwa. Hata ukipigwa misumari mizuri namna gani, ukiuegemea vibaya unaachia palepale. Sasa mimi usingizini najigeuza. Nina kiwiko." Akakinyanyua kuonyesha. "Je, nikimpiga hiki? Nimngoje apasuliwe Dar es Salaam, arudi mzima, halafu nije kumuua mimi, kitandani?"

Akakishusha kiwiko taratibu.

"Na ule mlio," aliongeza, sauti imeshuka. "Nikiwa karibu naye nausikia. Kila ukigonga nasema, labda ndio wa mwisho. Nikae mbali nisiusikie. Juu kule nalima, siusikii, basi najiambia yupo."

Chausiku akageuka mzimamzima kumwelekea. "Kwa hiyo huna mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Wa huko juu."

"Kwa nguvu zipi, mama Shakila? Tangu uondoke nakula viazi vya kuchoma asubuhi na jioni. Mwanamke gani atamtaka mtu ananuka moshi hivi?"

Nyuma ya pazia Shakila akaangua kicheko. Na kicheko hicho kikamkuta Chausiku hajajiandaa. Mkono wake ulitafuta mto, lakini mto ulikuwa umeanguka chini, na kabla hajauokota alikuwa ameshacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno yote nje, kicheko chake cha zamani cha sokoni. Kifua kilimvuta kidogo, kama nguo mpya. Kisha akanyamaza ghafla, na wote wakanyamaza, Dadi ameshika kofia, Shakila ametoa kichwa pazia likiwa begani, Jesca amesogea karibu na kioo.

Ti, ti, ti.

"Nyaya zipo," Chausiku alisema, akaanza kucheka upya.

Jesca alikuwa na habari. Alishazungumza na Daktari Abdulmajid: picha zilionyesha mfupa umeunga imara, na mfupa wa mtu hauko kama ubao, ukikatwa unakua, unajishika wenyewe. "Kiwiko cha mzee hakiwezi kuuvunja," alisema. "Hata akitaka kumkumbatia mkewe, ruksa. Lakini hayo si ya kufanyia mbele yangu."

Dadi akavaa kofia yake haraka. Hata hivyo, kabla simu haijakatwa, kiganja chake kilichokomaa kwa jembe kilikuwa kimetua begani kwa Chausiku, chepesi, kama mtu anayejaribu kama sufuria ina moto. Hakukiondoa. Tangu siku hiyo mkeka wa sebuleni ulikunjwa ukatiwa uvunguni, na hakuna aliyelalamikia joto la chumbani.

Mvua za masika zilipokatika, Daktari Abdulmajid alimruhusu arudi Mgeta, mradi ameze dawa yake ya kuzuia damu kuganda kila jioni bila kukosa na ashuke kupimwa kila anapoitwa. Shakila alilia, safari hii bila bomba la maji. Jesca naye alifurahi, ila akamwonya: kwenu mtandao si wa kutegemea, kuna siku utanihitaji usinipate.

"Najua," Chausiku alisema. "Tutaonana nikishuka."

Gari la mboga lililokuwa likipanda tupu liliwachukua, dereva akamweka Chausiku mbele. Barabara ilizunguka na kuzunguka, hewa ikapoa, mawingu yakawa kando ya dirisha badala ya juu. Walishushwa barabara inapoishia, na kilichobaki kilikuwa njia ya miguu iliyopanda katikati ya mashamba. Dadi alibeba mizigo yote. Alitembea nyuma yake, akimwacha aweke mwendo mwenyewe.

Alipanda vizuri. Alisimama alipotaka, akaendelea alipotaka. Kisha wakafika kwenye kona iliyo juu ya kijito, na miguu ikagoma.

Ukingo wa njia ulikuwa uleule, umeota majani. Moyo ukaanza kwenda mbio, ukawa unagonga hadi Dadi akausikia kwa nyuma. Mzee akatua mizigo, akatoa simu, akainyanyua juu, akaigeuzia kushoto, akaigeuzia kulia.

"Mtandao hakuna, mama Shakila. Nikimbie pale juu nikajaribu?"

"Acha," alisema. "Kaa."

Akaketi kwenye ukingo ule. Akaweka kiganja kifuani, akapuliza, akangoja. Hofu ilipanda, ikapanda, akaiacha ipande. Hakuzimia. Pumzi haikukata. Kilichokuwepo kilikuwa moyo wa mtu aliyepanda mlima, na huzuni ya mtoto aliyempoteza mama yake mahali hapo. Alikuwa hajawahi kuvitenganisha. Akamsomea mama yake Fatiha, kwa sauti, Dadi akaitikia amina. Walipomaliza, moyo ulikuwa umeshashuka, na kijito kilisikika chini.

"Alikaa hapa akiwa hajui anaumwa nini," Chausiku alisema. "Maskini mama yangu." Akanyoosha mkono, Dadi akamvuta, akasimama. Machozi yalikuwepo, lakini yalikuwa mepesi, na sehemu ya njia iliyobaki aliitembea akiyaacha yakauke yenyewe.

Majirani walimjaa uani hadi jioni. Asubuhi yake, kabla umande haujakauka, alijifunga kanga, akatoka kwenda kuangalia shamba. Dadi alimfuata kwa hatua za mtu mwenye hatia. Chausiku alipita tuta la kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. La pili, vivyo hivyo. Kwenye tuta la chini, lile lenye udongo mweusi mlaini alioutengeneza kwa mbolea misimu mingi, akasimama.

"Baba Shakila."

"Naam."

"Hapa pamepandwa nini?"

"Viazi," Dadi alisema polepole.

"Viazi? Hapa? Tuta la karoti? Mtu mwenye akili zake anatia viazi kwenye udongo huu?"

Na hapo akaachia. Alianza kwa Kiswahili, lakini Kiswahili hakikumtosha, akahamia Kiluguru, mikono kiunoni, sauti ikipanda tuta kwa tuta hadi ikavuka bonde. Alimsema kwa viazi, akamsema kwa jembe aliloliacha mvuani, akamsema kwa mbuzi wa jirani waliokula maua ya maharage huku yeye akitazama. Ng'ambo ya pili mwanamke mmoja aliinuka kutoka kwenye kabichi zake, akaweka viganja mdomoni.

"Chausiku! Ni wewe? Umerudi?"

"Nimerudi!" Chausiku alijibu kwa sauti ya juu. "Ngoja kwanza, nina mtu hapa!"

Dadi alisimama katikati ya viazi vyake, kofia mkononi, akitabasamu hadi masikioni kama mtu anayekabidhiwa zawadi mbele ya umati.

"Nimekosa, mama Shakila," alisema. "Endelea."